Mnara, Oveni na Wifi Yangu Ardis

Bi. Verna Tollefsrud,
Mtaa wa Kanisa (namba ya nyumba mnayo, mmeshaitangaza hewani),
Hovdal, Minnesota.
Jumatano ya Majivu.

Kwa Mheshimiwa Curtis Wendlandt,
Mkuu wa Polisi wa Kaunti.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MNARA WA KILIMANI, UBORA WA MATANGAZO YENU, NA OVENI YANGU

Mheshimiwa Mkuu wa Polisi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, umeshakula, na umekaa. Mimi ni mzima pia, isipokuwa nyusi, ambazo daktari anasema zitaota tena kabla ya Pasaka. Nakuandikia kwa heshima zote zinazostahili cheo chako, ingawa ni mimi niliyekufundisha katekisimu, na sijasahau ulivyokwama kwenye ile amri ya kutotamani vya jirani.

Kwanza niweke jambo moja wazi. Mimi si mbea. Mbea husikiliza ili akaseme. Mimi nasikiliza ili nikapike. Ile redio ya kunasa mawasiliano ya polisi na zimamoto, ambayo sote tunaiita skana, kwangu ni chombo cha jikoni kama mwiko. Binti yenu wa zamu, Janelle, akitaja nyumba ambayo gari la wagonjwa linaelekea, mimi nakuwa nimeshafungua kopo la supu ya uyoga. Nyama ya kusaga, maharagwe mabichi, supu, na vipande vya viazi juu yake vimejipanga mstari, kisha ndani ya oveni. Hilo ndilo bakuli la pole, na wewe mwenyewe umekuzwa nalo. Baba yako alipofariki, bakuli langu lilifika kabla gari la wagonjwa halijaondoka uani, na jina langu lilikuwa chini yake kwenye utepe wa gundi kama ilivyo desturi. Mama yako alilirudisha na mkate wa ndizi ndani. Hivyo ndivyo waungwana wanavyoishi.

Na kufika wa kwanza si majivuno, Mheshimiwa, ingawa wapo wanaosema hivyo. Anayefika wa kwanza ndiye anayemkuta mtu bado amesimama katikati ya jikoni, hajui mikono yake aiweke wapi. Unampa bakuli alishike. Anayefika wa pili anakuta meza tayari imejaa na watu wanatafuta vijiko. Tangu Harlan wangu aondoke, hiyo ndiyo kazi niliyobaki nayo mjini hapa, na nilikuwa naifanya vizuri hadi mlipoingilia kati.

Sasa malalamiko yangu nayapanga kwa namba, ili yasikupotee.

1. Ukimya. Skana yangu ya zamani aliinunua marehemu Harlan alipokuwa zimamoto wa kujitolea. Ilikaa juu ya friji miaka yote ya ndoa yetu. Haikuwa na akili yoyote: unaichomeka kwenye umeme, inasema. Jumatatu moja ya msimu wa mavuno ikanyamaza. Siku ya kwanza nilidhani kaunti nzima imeokoka. Siku ya pili niliipiga kofi, kama Harlan alivyokuwa akifanya. Siku ya tatu gari la wagonjwa likapita mbele ya dirisha langu likipiga king'ora, na kule juu ya friji hakuna hata kikohozi. Kumbe mmehamia dijitali. Naambiwa mlitoa tangazo gazetini, chini ya mnada wa ng'ombe. Mimi gazetini nasoma ukurasa wa vifo tu, na hilo kila mtu analijua.

Lile gari lilikuwa linakwenda kwa mzee Haugen, aliyevunjika nyonga. Nilipata habari kanisani, Jumapili, mji mzima ukiwa umeshakula na kuosha vyombo. Bakuli lililofika la kwanza lilikuwa la wifi yangu Ardis.

2. Ugumu wa kuchagua. Nilikwenda dukani kwa Orville Pfeiffer, anayetengeneza redio na kuuza chambo cha samaki. Nikamwambia nataka skana ya dijitali. Orville ni mtu mwema, lakini ukimuuliza saa atakueleza historia ya saa. Akaniuliza ninataka ya dijitali ya aina ya kwanza au ya aina ya pili. Nikamwambia nataka inayosema. Akasema zote zinasema, ila kaunti yetu imehamia aina ya pili, na skana ya aina ya kwanza itaona kwamba mtu anaongea lakini haitamwelewa, kama mume akisoma gazeti. Nikacheka, na huku nacheka nikachukua ile ya aina ya kwanza, kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu na ya rangi ya kijani inayofanana na mapazia yangu.

Ilikuwa kama alivyosema. Taa iliwaka kila Janelle alipofungua kinywa, na sauti haikutoka. Nilikaa naitazama taa ile wiki nzima nikijaribu kubahatisha. Nilipika mabakuli mawili kwa kubahatisha, Mheshimiwa, na nikayala mwenyewe. Ndipo nikarudi kwa Orville kuchukua ya aina ya pili, ambayo ni nyeusi na haifanani na kitu chochote nyumbani kwangu.

3. Mahali nilipo. Skana hii mpya ina akili nyingi kupita kiasi. Haitaki uieleze masafa, inataka namba ya posta tu, kisha inajipangia yenyewe polisi na zimamoto wa mahali ulipo. Nami nikaiandikia namba ya posta ninayoitumia. Ila, kama unavyokumbuka, mimi na karani wa posta yetu hatusemezani tangu yale mambo ya vitambaa vya meza vya kanisa, kwa hiyo sanduku langu la barua liko mji wa pili, ng'ambo ya mpaka wa kaunti. Skana ikanitii. Ikawa inanasa kaunti ya wenzetu, kwa sauti safi kabisa, na mimi nikidhani ni yetu. Nilishangaa tu jinsi mlivyopata adabu ghafla kwenye redio.

Asubuhi moja ikasema mzee mmoja wa Barabara ya Pili amekutwa kitandani haamki. Sisi pia tuna Barabara ya Pili, na mzee anayeishi pale ni mmoja tu, Milton Sather. Nikaoka bakuli huku machozi yananitoka, maana Milton alikuwa msimamizi wa harusi yangu. Nikavaa koti la msiba, nikabisha hodi. Milton akafungua mwenyewe, amevaa suruali ya kuendea ziwani kuvua.

Nikamwambia, "Pole kwa msiba."

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Wewe," nikamwambia.

Akalitazama bakuli, akaondoa karatasi ya foili upande mmoja, akanusa. "Basi niingizie jikoni," akasema. "Sipendi kulala njaa."

Bakuli lile alilirudisha, sina neno. Lakini tangu siku hiyo kila Jumapili, tukipeana mikono ya amani kanisani, Milton ananiinamia na kunong'ona, "Bado nipo." Swali langu kwako ni hili: kwa nini kaunti mbili jirani ziruhusiwe kuwa na barabara za jina moja, na ni ofisi ipi inayowajibika?

4. Minara miwili. Orville akanirekebishia namba ya posta, na hapo ndipo nikawasikia ninyi wenyewe. Mlisikika kama mtu anayesukutua maji ya chumvi. Nikarudi dukani. Orville akanieleza, kwa muda mrefu, kwamba nyumba yangu iko katikati ya minara yenu miwili. Mnara wa kilimani unasema jambo, na mnara wa kwenye kiwanda cha sukari unasema jambo hilohilo, umechelewa kidogo tu, na skana inachanganyikiwa haijui imsikilize nani. Nikamwambia hayo nayajua, nimewahi kuishi na mama mkwe.

Dawa yake, akasema, si antena kubwa. Dawa ni antena mbovu. Akang'oa ile antena nzuri niliyoilipia, akachomeka kibanio cha karatasi mahali pake. Akaniambia niende nyumbani nitembee nayo chumba kwa chumba, hadi nipate pembe ambayo inasikia mnara mmoja tu. Nimetembea na skana hiyo kuliko nilivyowahi kutembea na mtoto mwenye msokoto wa tumbo. Nimejaribu kabati la nguo, beseni la kuogea, na chumba cha chini ya nyumba nyuma ya mitungi ya matango. Mahali pekee ambapo Janelle alitamka maneno kama binadamu ni ndani ya oveni yangu, rafu ya kati, mlango ukiwa wazi upana wa kiganja.

Nakuomba utulie uone jambo hilo lilivyonikalia. Nikiwa nasikiliza, siwezi kuoka. Nikiwa naoka, lazima niitoe skana nje, na hapo sisikii. Yaani kila nikipata habari sina oveni, na kila nikiwa na oveni sina habari. Serikali gani inamfanyia hivi mjane?

5. Ubora wa matangazo. Kwa kuwa nimekaa kwenye kigoda na kichwa changu karibu na oveni majira yote ya baridi, nimepata nafasi ya kuwasikiliza kwa makini, na nasema kwa upendo kwamba vijana wako hawajui kusimulia. Wanaanza vizuri: ng'ombe wako barabarani, au kuna mtu kwenye paa la baa na hataki kushuka. Kisha, pale pale wanapofikia kitovu cha mambo, kijana anasema, "Janelle, nitakupigia simu." Sauti inakatika. Sisi tuliobaki tufanye nini? Yule mtu wa kwenye paa sijui hadi leo kama ameshuka. Nimepita pale kwa gari mara kadhaa, na ninachoweza kusema ni kwamba hayupo.

Namba mnazotumia badala ya maneno nazo ziachwe. Mama zenu waliwanunulia kamusi. Na mgonjwa akitajwa, itajwe pia idadi ya watu wanaokula nyumbani hapo, na kama kuna asiyetumia maziwa.

6. Ardis. Nafika sasa kwenye kiini. Ardis Quale ni dada wa marehemu mume wangu, na nyumba yake iko kilimani, mnara wenu ukiwa karibu kabisa na kamba zake za kuanikia nguo. Hapati mnara wa pili hata akiutafuta. Skana yake, ya dijitali tangu mwanzo, imekaa juu ya friji kama ya Mkristo yeyote, ina antena yake, na inasema wazi kama mchungaji. Oveni yake iko huru mchana kutwa. Huo ni upendeleo wa wazi wa serikali kwa raia mmoja dhidi ya mwingine.

Zamani tulikuwa tunakwenda pamoja. Mimi nabeba bakuli, yeye anabeba biskuti za shayiri, tunapanda gari langu kwa sababu yeye anaendesha kama anayefukuzwa. Baada ya yale ya mzee Haugen nilimpigia simu kumuuliza kwa nini alikwenda peke yake. Akasema alinisubiri nipige honi kama kawaida, nilipokawia akadhani nimeshatangulia. Kisha akasema maneno ambayo nayanukuu ili uone dharau yake: "Wifi, si uje tu usikilize kwangu. Kiti kipo."

Kiti kipo! Kana kwamba mimi ni mtu wa kukaa kwenye viti vya watu nikisubiri kusikilizishwa habari. Nikakata simu. Tangu msimu wa mavuno hadi juzi hatukusemezana, tulipishana tu kwenye milango ya watu, yeye akitoka na mimi nikiingia. Namba mbili, Mheshimiwa. Kila mlango nimekuwa namba mbili. Usiku nalala nikisikia sauti ya vijiko.

7. Tukio lenyewe. Siku ya tukio nilikuwa kwenye kigoda changu, baada ya chakula cha mchana. Janelle akasema mwanamke mzee ameanguka kwenye barafu, Barabara ya Kilimani. Katika barabara hiyo wanaishi wanawake wawili wazee, na mmoja ni Ardis.

Sikufurahi. Nataka hilo liingie kwenye kumbukumbu. Nilijiandaa tu. Niliona mbele yangu mlango wa Ardis ukifunguka, na mimi nimesimama pale na bakuli la moto, wa kwanza, na yeye anatakiwa kulipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Nikachomoka kwenye kigoda. Mkono wangu, ambao umewasha oveni ile tangu enzi za Harlan, ukaiwasha bila kuniuliza. Mguu wangu ukausukuma mlango wa oveni ukafungika, kama unavyoufunga siku zote nikiwa nimebeba vitu. Nikakimbilia friza kutoa viazi. Nilipanga viazi vile kwa uangalifu mkubwa kuliko siku yoyote, mstari kwa mstari, maana Ardis ni mtu wa kukosoa. Nilikuwa nimetega sikio vilevile, nikisubiri wataje namba ya nyumba.

Wakaitaja. Ilikuwa ya jirani yake, ambaye hata hakuumia, alikuwa amekaa tu kwenye barafu akikataa kuinuliwa. Ndipo nilipojiuliza kwa nini sauti ya Janelle imekuwa nzito, na kwa nini jikoni kunanuka kama tairi.

Nilifungua oveni. Hizo ndizo nyusi. Nikapiga simu ya dharura, na Janelle mwenyewe akapokea. "Mama Verna, toka nje," akasema. "Usichukue kitu." Nikachukua bakuli. Nikiwa mlangoni nikasikia skana, kutoka ndani ya moto, ikisema kwa sauti iliyopinda kwamba kuna moto nyumbani kwa Verna, Mtaa wa Kanisa, na namba ya nyumba ikarudiwa mara mbili. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Ilikufa kazini.

Napenda kulalamika hapa, kwa uchungu, kwamba jina langu lilitajwa hewani. Mambo ya jikoni kwa mtu ni siri yake. Kuna watu mji huu hawana kazi ila kusikiliza.

Vijana wa zimamoto walifika haraka, nawashukuru. Lyle Brekke, mkuu wao, aliitoa skana kwa koleo la makaa, imeyeyukia kwenye rafu na kile kibanio cha karatasi kimesimama wima. Akaishikilia mbele ya wenzake akaniuliza, "Mama Verna, hii unaila na nini?" Sikumjibu. Anaomba kura ya udiwani mwaka huu, na nitamjibu huko.

8. Mikono mitupu. Lalamiko hili ndilo zito kuliko yote, na nimelipa namba yake ili lisichanganyike na mzaha wa Lyle. Gari la zimamoto lilikuwa bado linakunja kona ya kanisa lilipozuiwa na gari la Ardis, lililoachwa katikati ya mtaa, injini inaunguruma na mlango wazi. Mwenye gari alikuwa ameshafika uani kwangu. Hakuwa na koti. Hakuwa na kofia, na unajua baridi ilivyokuwa. Alikuwa amevaa ndara moja ya manyoya mguu wa kulia, na mguu wa kushoto soksi tupu kwenye theluji.

Na hakuwa na bakuli.

Mheshimiwa, mwanamke huyu amepeleka bakuli kwa kila aliyekohoa katika kaunti hii. Alipeleka kwa mtu aliyefiwa na mbwa. Alipeleka kwa wale vijana wa njia ya reli, ambao hakuna aliyejua hata majina yao. Na siku ya nyumba yangu mimi, mke wa kaka yake, akaja mikono mitupu! Alinishika mabega akanitikisa, akasema, "Wifi, u mzima? Sema, u mzima?" Nikamwambia, "Bakuli lako liko wapi?"

Akaitazama mikono yake, huku na huku, kama aliyepoteza kitu. "Nimesahau," akasema. Kisha akaketi palepale kwenye theluji na kulia, mbele ya zimamoto wote. Ilinibidi nimpe bakuli langu alishike. Yaani mwenye moto ndiye aliyetoa bakuli la pole. Sijawahi kudhalilishwa namna hiyo.

Kutokana na maelezo hayo, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Mnara wa kilimani uhamishwe, upelekwe mahali ambapo haupendelei familia yoyote. Wakati mkisubiri kuuhamisha, habari zote za magari ya wagonjwa zicheleweshwe kwa wakazi wa kilimani hadi sisi wa bondeni tuwe tumeweka viazi. Skana ya Bi. Ardis Quale ishikiliwe na ofisi yako hadi Pasaka, kama fundisho. Oveni yangu itambuliwe rasmi kuwa kituo cha redio cha kaunti kilichoungua kikiwa kazini, na inunuliwe nyingine pamoja na skana yake, safari hii zikiwa vitu viwili. Na kijana mmoja aje nyumbani kunieleza yaliyompata yule mtu wa kwenye paa la baa.

Nisalimie mama yako, umwambie mkate wake wa ndizi nimeukumbuka. Nisalimie Janelle, asiache kunywa asali maana sauti yake imechoka, na vijana wote wa zamu, hata yule anayepiga miayo hewani. Msalimie na Lyle, kwa kipimo.

Ndimi, kwa masikio yaliyobaki mazima,

Verna Tollefsrud (Bi.)
Mjane wa Harlan, zimamoto

Tanbihi: Barua hii ilikuwa imeshafungwa, nikaifungua tena. Nilikuwa na lile bakuli bichi lililonusurika, na oveni sina, na chakula hakitupwi wakati wa Kwaresima. Kwa hiyo nikapanda nalo kwa Ardis. Alifungua mlango akiwa na bandeji mguu wa kushoto, vidole viliumwa na baridi. Akawasha oveni. Tukaketi chini ya friji tukisikiliza, na kweli kiti kipo. Kimekuwepo tangu msimu wa mavuno, ameweka na mto juu yake. Yule mtu wa kwenye paa alishuka salama. Ardis aliyasikia yote, vijana wako walisahau kuzima redio.

Tulilila bakuli lote sisi wawili. Akasema viazi vimepangwa vizuri. Sikumwambia nilivipanga kwa ajili gani, ila tangu jana jambo moja halinitoki kichwani, na nakueleza wewe kwa sababu wewe ni polisi na nilikufundisha katekisimu. Mimi niliposikia huenda ni yeye, niliwasha oveni. Yeye aliposikia ni mimi, alisahau viatu.

Kwa hiyo yote niliyoyaomba hapo juu yafute. Kama vijana wakipata ndara ya manyoya ya kushoto theluji itakapoyeyuka, wailete kilimani, tupo wote wawili. Na mnara uacheni pale pale ulipo. Anwani yangu ikitajwa tena siku moja, nataka Ardis aisikie vizuri.